Sahani Tulizoziacha Nusu Nyumbani kwa Hatije

Nyinyi wasichana mnaokuja kwangu hapa Ibra na viatu vyenu vya ghali, mkanywa kahawa yangu na kuniuliza habari za mahema na taa za kichwani, nakupendeni, lakini mnaanzia mwisho. Juzi mmoja wenu kaniuliza, "Bibi, enzi zako mlikuwa mkitumia nini kuongozea watu milimani?" Nikamjibu, "Tulikuwa tukimtumia Bi Shamsa." Akacheka, akadhani namfanyia mzaha.

Bi Shamsa alikuwa mwanamke wa milimani, Dima wa Tayyin, mchunga mbuzi, mfupi, sauti yake kubwa kuliko yeye. Ndiye aliyenifundisha kutembea. Mtasema, ah, kutembea nako kunafundishwa? Kunafundishwa. Mlima unauteremka kwa hatua fupi fupi, kama mtu aliyebeba sinia la vikombe. Soksi unaigeuza ndani nje, ule mshono usikukwaruze vidole. Kucha unazikata siku mbili tatu kabla ya safari, si asubuhi ile ile ya kuondoka. Tende zikae mfukoni, zisikae ndani ya begi, maana mtu aliyechoka hafungui begi, anasema nitakula mbele, na huko mbele anafika keshazimia.

Lakini kubwa alilonifundisha ni kutembea mwisho na kusikiliza. Wanawake njiani wanazungumza, waacheni wazungumze. Ukimsikia mtu anamsengenya mama mkwe wake, huyo ana nguvu bado, mwache aende. Ukisikia anaanza kumsamehe mama mkwe, haraka mkalishe kivulini, mpe maji na ndimu na chumvi. Wallahi siwatanii. Nimeokoa watu wengi kwa njia hiyo.

Mimi mwenyewe sikuanza kazi hii kwa kutembea. Nilikuwa mpishi kwenye kambi ya wageni, huko kwenye mchanga, si mbali na hapa. Nimepika masufuria ya wali ambayo nyinyi nyote mngeingia ndani mkaoga. Shule yangu ni chuo cha Kurani na madarasa machache ya Unguja, kisha tukaondoka, na tulipofika Oman nikaolewa, ikaishia hapo. Jiko ndilo lililonisomesha. Baadaye wanawake wa kwetu nao wakaanza kutaka kutembea: waalimu, wauguzi, wenye posa wanaotaka kupungua kabla ya harusi. Waume zao na kaka zao wakauliza, nani mkubwa wenu huko? Hapo ndipo nilipoitwa. Msidhani niliitwa kwa kuijua njia. Niliitwa kwa sababu nina mvi. Nikawa ruhusa yenye miguu. Tukenda nyumbani kwa msichana, haulizi mtu njia ndefu au fupi, kuna nyoka au hakuna, wanauliza, "Bi Zuwena yumo?" Yumo. "Basi aende."

Kwa mlango huo ndipo aliponijia Salma, wa Sur.

Salma alikuwa keshavuka arobaini, mrefu, mpole, karani wa ofisi. Alimuuguza mama yake miaka na miaka mpaka Mungu akamchukua, na sasa alikaa nyumbani kwa kaka yake, Hamed. Na huyu Hamed nakwambieni tangu mapema msije mkamchukia: mtu mwema. Kila asubuhi alimpeleka dada yake kazini kwa gari, na kila mchana akamrejesha. Sokoni Hamed, hospitali Hamed, harusini Hamed, mazikoni Hamed. Mpaka sabuni ya dada yake alikuwa akiijua jina.

Siku moja tunatembea kwenye bonde nje ya Ibra, tunafanya mazoezi, Salma akaniambia, hakulalamika, aliniambia kama mtu anayetaja rangi ya mlango: "Bi Zuwena, mimi maisha yangu yote nimepelekwa. Sijawahi kwenda."

"Sasa hivi si unakwenda?"

"Hapa kaniteremsha Hamed, na saa kumi anakuja kunichukua." Akacheka kidogo. "Nataka safari moja ndefu. Mwanzo mpaka mwisho, kwa miguu yangu. Moja tu, khalas, sitoomba tena."

Rayya ndiye aliyeipata safari yenyewe. Rayya ni muuguzi wa Nizwa, wazazi wake watu wa bara, upande wa Mwanza, basi Kiswahili chake kina plani na tensheni ndani, na mdomo wake haufungwi. Akatuletea picha kwenye simu: njia ya miguu ya Uturuki. Inaanzia uwanda wa juu, upande wa Konya, inapanda milima, inapita vijiji vya wachungaji, halafu inateremka msitu kwa msitu mpaka bahari ya kusini. Mabegi makubwa yanachukuliwa na gari, usiku unalala kwenye nyumba za watu. Dada wawili wa mji wa Fanja wakasema nasi tumo. Wote waume zao wakakubali. Akabaki Hamed.

Nikenda Sur mwenyewe, maana ruhusa ya safari kama ile haiombwi kwa simu. Nikakaribishwa, tende, kahawa, tukaulizana khabari mpaka zikaisha. Salma kasimama na dele la kahawa mkononi, yeye ndiye anayetumiminia.

"Shikamoo tena, Bi Zuwena," Hamed akasema, ingawa alikuwa keshaniamkia mlangoni. Nikajua anatafuta pa kuanzia. "Salma kaniambia. Wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Mwanzo mpaka mwisho?"

"Mungu akijaalia."

"Basi mimi sina maneno mengi. Pale ulipo wewe, na yeye yupo. Ukitembea, anatembea. Ukirudi, anarudi. Sitaki kusikia mara kabaki na huyu, mara kaenda na yule. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana."

Nikamtazama Salma. Alikuwa akinijazia finjani iliyokwisha kujaa, kahawa ikamwagika mpaka kwenye zulia.

Basi tukenda. Sasa hapa nitakupotezeni kidogo, maana nikiitaja Uturuki tumbo langu linaanza kuzungumza lenyewe.

Jambo la mwanzo lililonichanganya ni salamu. Kila ninayekutana naye njiani, mkubwa kwa mdogo, ananiambia "merhaba". Nami nikawa najiuliza, mbona watu wote hawa wananiitikia marahaba na miye sijawaamkia shikamoo? Mpaka vitoto vidogo! Siku ya pili nikaona basi, nikawa nawaanza mimi, kila mtu shikamoo, shikamoo, wanaitikia vizuri kabisa. Rayya alicheka mpaka akakaa chini. Lakini sikilizeni, maneno ya Waturuki mengi ni ndugu zetu. Dunia wanaijua, habari wanaijua, saa, akili, sabuni. Hata sinia wanaliita sini, na wanalikalia chini kama sisi.

Chai ndiyo iliyonishinda. Kwetu, mnajua, ukitosheka na kahawa unatikisa finjani, mmiminaji anaelewa, anapita. Kule chai inakuja kwenye gilasi ndogo yenye kiuno. Nikanywa, nikatikisa. Mzee wa mkahawa akanijazia. Nikanywa, nikatikisa zaidi. Akajaza, tena akaongeza na sukari, akadhani natikisa kwa kukosa sukari. Nilikunywa chai siku ile mpaka usingizi wa wiki nzima ukanikimbia. Baadaye sana dereva wa gari la mabegi akatuonyesha: ukitosheka unalaza kijiko juu ya gilasi. Kijiko tu! Na mimi nilikuwa nikikaribia kulia.

Na asubuhi zao, mashallah. Sisi asubuhi ni mkate na chai ya maziwa, tukijitahidi maharage. Wao wanakuwekea visahani mpaka kitambaa hakionekani: zaituni nyeusi, zaituni za kijani, jibini, asali yenye sega lake, matango, mayai yanayochemka bado. Mkate wao wa milimani wanausukuma kwa fimbo nyembamba ndefu, unakuwa mwembamba kama manda za sambusa, wanauchoma juu ya chuma kilichofura mgongo. Mimi mpishi, nilikuwa nikifika mahali miguu inawaka moto, badala ya kuvua viatu naingia jikoni kwanza. Hiyo nayo ishikeni: mkilala kwenye nyumba ya mtu, muulizeni mwenye nyumba kapika nini kabla ya kumuuliza choo kiko wapi.

Na Salma je? Salma alitembea. Siku za mwanzo alitembea kama anayesubiri kuitwa arudi, akisikia gari anageuka. Kisha akaacha kugeuka. Mimi nyuma nasikiliza, kama nilivyofundishwa, namsubiri amsamehe mtu. Hasamehe mtu, hana wa kumsamehe. Anauliza tu, huu mti gani, ule mlima tunaupita huku au huku. Malengelenge yalipompata aliyatoboa kwa sindano yenye uzi, kama nilivyomfundisha, uzi ukaachwa ndani unyonye maji, akavaa viatu akaendelea. Tulipovuka nusu ya njia alikuwa akienda mbele ya Rayya.

Ndipo tukafika nyumbani kwa Hatije.

Hatije ni Khadija wetu, wao wanatamka hivyo. Mjane, kanizidi umri, suruali pana ya maua, shungi jeupe, mikono ya mtu aliyefanya kazi tangu utoto. Nyumba yake ya mawe iko juu ya mteremko, chini kuku na mbuzi, juu ukumbi wa mbao. Anaishi na mkwe wake, Elif, kijana mchangamfu, ambaye anajua Kiarabu kidogo kwa sababu alifanya kazi hoteli ya pwani, na asilolijua analiandika kwenye simu, simu inasema.

Siku hiyo tulikuwa wageni wake pekee. Alitupikia tangu mchana. Likaja sinia: supu ya mtindi yenye nanaa, maharage yaliyopikwa kwa mafuta ya zaituni, kuku, na majani ya mzabibu yaliyofungiwa wali ndani, kila moja jembamba kama kidole cha mtoto, limefungwa sawa na mwenziwe. Nilivyoona vile vidole nilijua mwanamke huyu kakaa chini nusu siku. Tukaanza. Hatije hakukaa nasi. Alisimama pale na Elif, wanatutazama, wanatuletea mkate, wanarudi kusimama.

Sasa nyinyi mmelelewa hapa, mnajua ninachotaka kusema. Kwetu mgeni anakula kwanza, na nyumba inangoja. Wanawake wa ndani, watoto, wote macho yao kwenye lile sinia likirudi. Mgeni mwenye adabu haangalii njaa yake, anaacha. Nami nikawaona Hatije na mkwe wake wamesimama, hawajala, nikasema moyoni maskini wanangoja. Nikawatazama wenzangu kwa lile jicho. Wote wakalielewa, hakuna mtu wa Oman asiyelielewa. Mikono ikatoka kwenye sinia pamoja. Majani ya mzabibu tukayaacha nusu, kuku nusu, maharage nusu. Rayya peke yake alichelewa, nikamfinya.

Hatije akasema kitu, akasogeza sinia karibu. Tukashika vifua, alhamdulillah, tumeshiba. Akasogeza tena. Alhamdulillah. Uso wake ukakunjamana. Akalibeba sinia akaondoka, na hakurudi hata na chai.

Nikawaambia wenzangu, "Mmeona adabu ilivyo nzuri? Sasa wanakula kwa raha."

"Mimi sijashiba," Rayya akasema.

"Nyamaza ulale."

Asubuhi na mapema nikatoka ukumbini kuangalia hali ya hewa. Nikamwona Hatije chini, uani, na bakuli. Kuku wamemzunguka. Akatia mkono bakulini, akawarushia. Nikatazama vizuri. Majani ya mzabibu! Vile vidole vyote, vizuri vile, kuku wanavigombania!

Mimi ni mpishi, jamani. Sikufikiri. Niliteremka mbio na ndara za nyumba, zenyewe ndogo, kisigino changu chote nje, ngazi za mawe zina umande, napiga kelele "La, la, la!" Ngazi ya mwisho sikuiona. Mguu ukaenda upande wake na miye upande wangu. Nikasikia kifundo kimelia tk. Nikakaa chini katikati ya kuku.

Hatije akatupa bakuli akanikimbilia. Kuku wakamaliza kilichobaki. Wote wakatoka, Elif na simu yake.

"Mama anauliza," Elif akasema, "chakula kilikuwa kibaya sana? Chumvi imezidi?"

"Kibaya? Mwambie nimepika maisha yangu yote sijakipata kitu kama kile! Tuliwaachia nyinyi!"

"Kutuachia?"

"Mlikuwa mmesimama. Hamjala. Kwetu mgeni anaacha, wenye nyumba wanakula."

Elif akamwambia. Hatije akanitazama, akamtazama Elif, akaangua maneno mengi kama anayefukuza mbuzi shambani.

"Anasema sisi tulikula kabla hamjaja. Anasema sufuria jingine liko jikoni limejaa, tulisimama ili mkimaliza tuongeze. Anasema kitu alichokikataa mgeni yeye hakirudishi kinywani mwake, usiku kucha hakulala, anafikiri kaharibu wapi." Akamsikiliza tena. "Anauliza, ina maana mlilala na njaa?"

"Mimi nimelala na njaa!" Rayya akadakia. "Mwambie hivyo hivyo. Wallahi nimeota kuku."

Hatije aliposikia akajipiga paja, akacheka mpaka shungi likamteremka. Akanishika uso kwa mikono miwili kama mtoto. Kisha akauona mguu wangu, tayari umevimba kama andazi, akaacha kucheka.

Wakanibeba juu. Rayya akaugeuza huku na huku, nami nazisoma sura zote za Kurani ninazozijua. Haukuvunjika, akasema, umeteguka vibaya. Wiki mbili au zaidi bila ya kuukanyagia, na milima usahau. Hatije akaponda kitunguu na chumvi, akanifunga na kitambaa. Nyumba ikanuka sambusa.

Halafu wote tukafika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mimi sitembei. Basi Salma hatembei.

Dada mkubwa wa Fanja ndiye aliyesema. "Tusimwambie. Bi Zuwena atapanda basi, atatutangulia kila kijiji. Jioni tunapiga picha pamoja."

"Kwani Hamed ana darubini?" Rayya akasema. "Plani nzuri tu hiyo, hakuna tensheni."

Nakiri nilikuwa nimeshaanza kuipenda. Salma alikuwa kakaa mlangoni, viatu keshavivaa vya safari.

"Mkimficha, mimi siendi," akasema.

"Salma, wewe ndiye tunayekutafutia njia!"

"Najua. Lakini nimeomba safari moja. Mkinipa ya kuiba nitakuwa kila hatua natazama nyuma. Bora nirudi." Akainama akaanza kufungua kamba za viatu, pole pole, tundu kwa tundu. Hakulia. Angelia ingekuwa rahisi kwetu.

Nikampigia Hamed. Na hili, wasichana, ni la kazi, litieni akilini: likitokea jambo, nyumbani wasikie kutoka kwenu, na wasikie mapema. Familia ikidanganywa mara moja, mwakani hakuna atakayekupeni binti yake hata mpaka sokoni.

"Pole sana, Bi Zuwena, pole sana," Hamed akasema, na ilikuwa pole ya kweli. "Basi leo hii nakukatieni tiketi. Mrudi wote wawili, mguu ukatazamwe."

"Hamed, mwanangu, yeye mzima. Wenzake wapo."

"Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana."

Hatije muda wote huo alikuwa akitutazama, mara mimi, mara simu, mara Salma na kiatu chake kimoja. Akamvuta Elif shati, nini? Elif akamweleza. Akauliza tena, nini? Akaelezwa tena. Akanijia, akaninyang'anya simu mkononi, akabonyeza pa kuonyeshea picha, na uso wake ukaingia mzima kwenye simu, pua mbele.

Kule Sur Hamed akaona jicho na nusu ya shungi. "Assalamu alaykum, ya hajja," akasema. Mtu wa adabu, hata akishtuka.

"Aleykum selam!" Hatije akasema, akaanza. Kituruki, mfululizo. Akaonyesha mguu wangu kwa simu. Akaonyesha kuku. Akamwonyesha Salma. Akatoka ukumbini akaonyesha milima, huu, na ule, na ule wa nyuma yake, akajipiga kifua. Hamed haelewi neno, lakini anayezungumza ni mzee, na mtu wa kwetu hamkati mzee. Kila akipumua Hatije, tunamsikia Hamed, "Naam, ya hajja. Naam. Inshallah."

Mwisho Hatije akasimamisha kidole. "Tamam?"

Neno hilo sote tunalo, maana yake sawa. "Tamam, tamam," Hamed akasema.

Nikarudishiwa simu. "Bi Zuwena," sauti ya Hamed imepoa, "nimekubali nini?"

Nikamuuliza Elif, nikamfikishia. "Anasema yeye mwenyewe atawapeleka mpaka kijiji cha mbele, kwa dada yake. Dada yake atawapeleka mpaka kwa wifi yake. Njia nzima mpaka baharini kuna wakongwe wenye miguu, Salma hatatembea hata siku moja bila ya mtu mzima. Na wewe uje mwakani ule kwake, na usibakishe."

Hamed akacheka kwa pua. "Huyo bibi ana umri gani?"

"Kanizidi."

"Na ataupanda mlima?"

Nikatazama. Hatije alikuwa kakaa ngazini. "Keshavaa viatu, mwanangu."

"Wewe Bi Zuwena, niambie kweli. Ungekuwa ni dada yako?"

"Nitakwambia ninachokijua. Mimi huko njiani sikuwa namshika mkono. Nilikuwa nyuma namsikiliza. Tangu tuanze sijamsikia akichoka. Kwa kweli, Hamed, wa kusubiriwa nilikuwa mimi."

"Haya," akasema. Pumzi ndefu. "Haya. Lakini kila jioni nipate khabari."

Salma alisikia. Alianza kufunga kamba zake upya, akakosea, tundu moja kalipita, akafungua zote akaanza tena chini. Hatije akamngojea. Walipoondoka Hatije alikuwa mbele na fimbo, raba zake za plastiki, kitambaa cha mkate na jibini kiunoni, na Rayya nyuma yake anauliza watakula saa ngapi.

Mimi nikabaki na Elif mpaka uvimbe ukapungua. Alinifundisha kusukuma ule mkate. Wangu ulitoka kama ramani ya Oman, lakini ulilika. Kisha nikapanda mabasi madogo, kijiji kwa kijiji, mguu juu ya kiti. Kila nilipofika walikuwa wametangulia, na kila bibi niliyemkuta mlangoni alinionyesha kwa mkono walikopita, na akanilisha. Sikuacha kitu kwenye sahani yoyote. Jioni Rayya ananipigia, kisha Hamed ananipigia. Kafika wapi? Kala? Kalala kwa nani? Miye namjibu, kafika pahala fulani, kala hiki, kalala kwa fulani. Hata siku moja hakuniambia nimpe namba ya kumpata Salma, na Salma naye hakusema nampigia. Ilikuwa ndivyo walivyozoea, khabari zake zipitie kwa mtu.

Mwisho basi likanivusha mbele, nikafika baharini kabla yao. Nikawangojea kwenye kiti cha mkahawa, pale njia inapotoka msituni na kuishia kwenye kokoto. Wakatoka mchana, na ajuza mmoja mbele ambaye hata jina lake sijalijua mpaka leo. Rayya akaanza kupiga kelele toka mbali. Salma hakupiga kelele. Alikuja akatembea mpaka maji yalipo, akasimama, kajaa vumbi mpaka kwenye nyusi, begi mgongoni, anatazama tu.

Simu yangu ikalia.

"Shikamoo, Bi Zuwena. Vipi leo? Kafika? Kachoka? Kala?"

Nilikuwa nimefungua mdomo kumjibu, kama kila siku. Nikamtazama yule mwanamke pale ukingoni mwa maji.

"Yupo hapa," nikasema. "Muulize mwenyewe."

Nikajikongoja mpaka pale, nikampa simu. Akaipokea kama kitu cha moto. "Aloo? Hamed?" Nikageuka nikarudi kwenye kiti changu, maana yale hayakuwa yangu. Nikaona tu anasikiliza, kisha anazungumza, mkono unaonyesha milima kana kwamba Hamed anaiona. Wakazungumza mpaka betri ikafa.

Akanirudishia simu.

"Kasemaje?" Sikuweza kujizuia.

"Kauliza mambo mengi. Mwisho kauliza kama maji ya huku ni baridi kuliko ya Sur."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia sijui, bado. Simu ikazimika."

Akaliweka begi chini, akavua viatu, soksi akazitia ndani, akaingia.